Mwaka Tulipobadilishana Walevi

Ndugu yangu Kiprono alilia kwenye mazishi ya Mama Njoroge mpaka watu wakaanza kunitazama mimi, kana kwamba ni kazi yangu kumnyamazisha. Sikumnyamazisha. Nilikuwa nimekaa upande wa wageni, chini ya hema, na mwenye kipaza sauti alikuwa ameita watoto wa marehemu waje mbele. Akatoka Njoroge mwenyewe, wakatoka dada zake, na nyuma yao akatoka ndugu yangu, mwana wa mama yangu, Mkipsigis kutoka ng'ambo ya bonde, akasema kwa Kikuyu kisicho na kwikwi kwamba maitu alimpa uhai mara ya pili. Maitu ni mama yangu kwa lugha yao. Tulipomzika yule aliyempa uhai mara ya kwanza, Kiprono alikuwa anahangaika na sufuria za kukodisha na gari la maji, na machozi yake, kama yalikuwepo, aliyamwaga mahali nisipoyaona. Mimi ni mwanamke mzima sasa, nina wajukuu wanaonifundisha kutumia WhatsApp, lakini pale kwenye kiti cha plastiki roho iliniuma vilevile kama ilivyoniuma nikiwa msichana. Nikajua kwamba ule mwaka haujawahi kuniisha.

Ulianzia jikoni kwetu, mwezi wa kwanza, jua likiwa kali, majani ya chai yamepungua na watu wana muda wa kukaa. Jiko letu lilikuwa la udongo, jeusi kwa moshi mpaka juu, na vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, viliegemea ukuta mmoja kama wazee wanaoota moto. Siku hiyo wageni walijaa mpaka tukatoa kuku nje. Walikuwepo wazee wa kokwet, lile baraza la majirani ambalo kwetu huamua ng'ombe wa nani alikula mahindi ya nani. Walikuwepo kina mama wa kanisa na mchungaji wao. Na kwa mara ya kwanza walikuwepo watu wa soko la Kiptere, Wakikuyu wenye maduka, ambao tulizoea kuwaona nyuma ya kaunta tu. Kilichowaleta pamoja kilikuwa msimu wa bonasi uliopita. Kila mwaka bonasi ya majani ikilipwa, wanaume wetu walihamia kwenye vibanda vya chang'aa mpaka iishe, kisha wanarudi nyumbani kutafuta wa kulaumiwa. Msimu ule jirani yetu alivunjwa mbavu na mumewe, na kijana wa mwenye posho mill aliokotwa mtaroni asubuhi akiwa amekufa. Watoto wa watu wa soko walikunywa glasi moja na wetu. Na mwaka huo uliokuwa unaanza ulikuwa wa uchaguzi, na kila mtu pale jikoni alijua kwamba kijana mlevi ni rahisi sana wakati wa siasa: mpe chupa, mpe kiberiti, mwonyeshe duka.

Mimi nilikuwa namimina chai. Anayemimina chai husikia kila kitu na haulizwi chochote. Mzee arap Koech, mwenyekiti wa kokwet, mtu mrefu aliyezungumza kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa, alisema, "Tumewaombea. Tumewachapa. Wengine tumewaoza wanawake, tukaharibu na maisha ya wanawake. Sasa nani ana maneno mengine?" Ndipo aliposema yule mama mnene aliyekaa karibu na mlango, leso yake imefungwa vizuri, ambaye nilimjua kwa sababu alituuzia sukari: Mama Njoroge. "Kinyozi hajinyoi," alisema. "Mimi nimemlilia Njoroge mpaka kilio changu amekizoea kama redio. Nikianza tu, yeye analala. Nipeeni mlevi wa mtu mwingine nikae naye. Na mtu achukue wangu." Hakuna aliyecheka. Nilifikiri mzee atalizungusha hilo neno mpaka jioni, kama kawaida yao. Kumbe mama yangu alishalimeza. "Chukua wangu," alisema, na kusogeza kikombe chake nikijaze.

Hakuniuliza. Ningependa hilo lieleweke. Ndugu yangu alitolewa mbele yangu nikiwa nimeshika birika.

Kabla ya kukubaliana, mzee alitaka kila nyumba iseme wazi nani anaumiza nani, kwa sababu, alisema, huwezi kumpa jirani ng'ombe mwenye pembe bila kumwambia. Nyumba nyingi zilikohoa tu. Mama akanyoosha kidole kwangu. "Mkono wa huyu," alisema. "Nyinyi mlisikia aliteleza shambani." Na kweli walisikia, kwa sababu niliwaambia mimi, tena vizuri, ningeweza hata kuwaonyesha jiwe nililotelezea. Ukweli ni kwamba Kiprono alitaka kuuza ndama, mama akakataa, Kiprono akamwinulia kuni, na mimi nikaingia katikati. Katika hospitali ya misheni waliufunga mkono lakini haukunyooka tena, na haujanyooka mpaka leo. Asubuhi yake, kabla hata hatujaenda hospitali, nilimpikia Kiprono uji kwa mkono mmoja, nikampelekea kitandani, nikamwambia yameisha. Nilimpenda hivyo. Tulikuwa tumelala chini ya blanketi moja tangu utotoni, nilimfundisha kusoma saa, nilimficha asipigwe, baba alipokuwa hai na fimbo yake. Sasa mama ananionyesha kidole mbele ya watu wa soko, na yule mama mnene ananitazama mkono, kisha uso, kisha mkono. Sikumpenda tangu hapo.

Masharti yalikuwa machache. Mlevi ataishi kama mtoto wa nyumba ile nyingine, atafanya kazi za nyumba hiyo, hatashika pesa, mpaka bonasi moja ipite juu ya kichwa chake bila kunywa. Watu wa kwao hawataenda kumwona mpaka yeye mwenyewe awaite, kwa jina. Hili la mwisho lilitoka kwa mchungaji, na wote walilisifu. Mimi pia nililiona jepesi. Nilijua wa kwanza kuitwa nitakuwa mimi.

Njoroge aliletwa kwetu Jumatatu na mkoba wa shule uliokuwa na nguo zote alizobaki nazo. Alikuwa mwembamba, macho ya njano, na alitetemeka mpaka kikombe kikagonga meno. Kikombe kilikuwa cha Kiprono. Kitanda pia, na blanketi, na ndoano ya koti nyuma ya mlango. Alikuwa amekulia nyuma ya kaunta; ng'ombe alimwogopa, na kwenye majani alichuna chochote cha kijani mpaka karani wa senta ya kununulia majani akamwuliza kama anafungasha chakula cha mbuzi. Mama hakukasirika. Alisimama naye kwenye mstari, akamshika vidole, "Weri, majani mawili na kichipukizi. Hii ngumu achia mti." Weri ni kijana, alikuwa akimwita Kiprono hivyo. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alimpa jembe, halafu akalishika yeye upande wa pili. Siku ya kwanza ya mursik aliutapika nje ya mlango. Mama akamchagulia kibuyu kingine, kile laini alichokitunza kwa ajili ya wageni wa heshima, na kufikia mvua ndefu huyu mtoto wa duka alikuwa anageuza kibuyu mwenyewe na kuuliza kama kuna mwingine. Usiku jasho lilimtoka na akaongea maneno yasiyo na kichwa. Asubuhi niliwakuta wamekaa kwenye moto, mama anamsimulia jinsi alivyokimbia shule akiwa msichana. Mimi mwanawe wa kuzaa sikuwahi kusikia kwamba mama alikimbia shule. "Hukuuliza," aliniambia nilipolalamika. Basi nikaona heri nikakamue.

Mwezi wa nne Kiprono aliita mtu. Alimwita mama. Sawa, nikasema, mama ni mama. Alienda na kibuyu chini ya kanga, akarudi akinuka sabuni na mafuta ya taa kama duka lenyewe, na nilipomwuliza alisema tu, "Amenona." Yale mengine niliyasikia jioni, nikiwa nyuma ya zizi, anamsimulia jirani huku wote wawili wanacheka: kwamba Kiprono anamwita yule mama maitu, kwamba amejua kupika chapati, kwamba amefundishwa kupima sukari bila kumwaga na watoto wa soko wanamwita Kamau wetu, kana kwamba ni Mkikuyu. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nilitaka kumwuliza ni kipi hapo cha kuchekesha. Kisha Kiprono akamwita mchungaji. Kisha akamwita rafiki yake waliyetahiriwa pamoja. Mwezi wa sita Njoroge alienda kumwona mama yake, kwa sababu yeye alimwita mamake mapema kama mtoto mwenye adabu na wakamruhusu kumtembelea, akarudi na salamu: Kiprono ameuliza ndama anaendeleaje. Ameuliza hata mbwa. "Na mimi?" nikasema. Njoroge alikuwa kijana msema kweli, ubaya wake ndio huo. "Wewe hakusema kitu," alisema. "Ati hata nilimwambia Chelangat ni mzima, akainama tu akaendelea kupanga mikate."

Nitawaambia jinsi wivu unavyofanya kazi, kwa sababu watu huuzungumzia kama moto na mimi sikuona moto wowote. Kwangu ulikuwa kazi ndogondogo za kutwa. Nilimpakulia Njoroge ugali nikatazama kama mama amemwongezea mboga. Nilisikiliza akicheka nikakisia nani amemfurahisha. Nikipita kwenye kitanda nilikitandua nikakitandika upya, kwa namna ya Kiprono, blanketi limekunjwa miguuni, na jioni Njoroge akalikunjua bila kujua kwamba tumegombana. Mbaya zaidi ni kwamba alikuwa anapona. Mashavu yalijaa, mikono ikatulia, akawa anachuna kikapu kizima kabla ya chai ya saa nne. Kila mtu aliyepita alimsifu mama. Na mimi nikawa nafanya hesabu ya mtu mwenye kijicho: kama huyu anapona mikononi mwetu, basi yule anapona mikononi mwao, na mikono yangu mimi, niliyoshinda nayo miaka nikimwosha matapishi, ilikuwa na kasoro gani?

Mwishowe nikaenda bila kuitwa. Nilibeba mayai, kwa sababu hakuna sheria inayokataza mtu kuuza mayai. Duka la Mama Njoroge lilikuwa na chumba nyuma, pazia la maua katikati, na siku hiyo pazia lilikuwa limefungwa nusu. Nilisimama kati ya magunia ya unga nikaona meza, kitambaa cha plastiki, sahani ya njahi, yale maharagwe meusi wanayopenda, na ndugu yangu akila. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe nisilolijua. Mama Njoroge alimpitia nyuma akamweka sawa kola, bila hata kuangalia, jinsi mtu anavyofanya kwa mtoto wake. "Kiprono wakwa," alisema, yaani Kiprono wangu, "kula, mteja hakimbii." Naye akacheka na chakula mdomoni. Sikuwa nimemsikia akicheka akiwa hajalewa tangu amalize shule. Nilisimama pale na mayai yangu na sikujua kama nataka kulia au kuyarusha.

Mama Njoroge aliponiona alitoka na kuvuta pazia nyuma yake. Hakupiga kelele. Aliyakagua mayai, moja moja, kwa mwanga wa mlango.

"Mami, umekuja kuuza mayai?"

"Ndiyo."

"Mayai ni mazuri. Lakini ngoja aite."

"Na asipoita?"

Alinitazama mkono, kama siku ile. "Basi utakuwa umengoja," alisema, akanilipa bei nzuri kuliko ya soko. Nilimchukia kwa moyo wote, na ile bei nzuri ikanifanya nimchukie zaidi, kwa sababu hata kwa uchoyo singeweza kumsema.

Bonasi ilikuja. Muungano, hivyo ndivyo tulivyouita wakati huo ule umoja wetu na watu wa soko, uliweka wazee na kina mama kwenye njia zote za kwenda mtoni, na ile kangara ya kupikia chang'aa waliyoikuta imefichwa kwenye mapipa waliimwaga mpaka maji yakanuka. Si wote walioshinda. Wawili walitoroka nyumba walizopewa, na mmoja wao aliuza viatu vya mwenye nyumba. Lakini Njoroge alipita, akiwa amekaa kwetu anapukuchua mahindi na mama, na habari zikaja kwamba Kiprono naye amepita, ati alishinda dukani siku nzima akiwauzia soda wanaume waliokuja kumcheka. Niliosha blanketi. Nilipaka ukuta wa upande wake chokaa. Nilimtengea jogoo. Halafu wazee wakakutana tena jikoni, na nikasikia Mzee arap Koech akisema, taratibu, "Bonasi imepita. Siasa haijapita. Wakae hivyo hivyo mpaka kura ihesabiwe." Niliweka sufuria chini kwa nguvu mpaka mama akageuka. "Una neno, Chelangat?" mzee akauliza. Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema chai imeisha.

Yule jogoo tulimla Krismasi. Njoroge alipewa paja.

Siku kura zilipotangazwa mama alikuwa ameitwa sokoni na Muungano, wakakae huko pamoja mchana kutwa waonekane. Mimi nilibaki na Njoroge, ambaye mama alimwambia asitoke jikoni. Saa tisa hivi wakaja vijana, kama kumi, wengine wa kilima cha pili ambao nilisoma nao. Walikuwa na rungu, na mmoja alikuwa na panga la kukatia nyasi, na pumzi zao nilizisikia kabla hawajafika langoni. Kulikuwa na moshi upande wa barabara kuu. Aliyetangulia, nitamwita Langat kwa sababu jina lake halina faida sasa, alisema, "Dada, hapa kuna mtu wa soko. Tumekuja kumwona."

"Hapa kuna ndugu yangu," nikasema.

"Ndugu yako tunamjua. Ni Kiprono. Ako wapi?"

Hapo ndipo mwaka mzima ulinitoka kinywani. Nilikuwa nimebeba hasira kutoka mwezi wa kwanza nikizunguka nayo kama sufuria ya moto isiyo na mahali pa kutuliwa, na sasa nilipata watu wa kuwapakulia. "Kiprono alipewa watu wa soko," nikawaambia. "Mama yangu alimtoa kwa mkono wake, mbele ya kokwet, na huyu tukapewa sisi. Amelala kwa kitanda cha Kiprono. Amekula kwa kikombe cha Kiprono. Mimi mwenyewe nimemfulia, na sikupenda. Mkitaka kumpiga, pigeni, lakini mjue mnampiga Kiprono, kwa sababu Kiprono saa hii amekaa kwa duka la mama wa huyu, na nani atawaambia wale watu wasimguse?" Langat akafungua mdomo. Sikumpa nafasi. "Na kaka yako wewe, Langat, si alipewa fundi wa cherehani nyuma ya posho mill? Ako huko ama amerudi?" Wenzake wakamtazama. Yule wa panga, naona naye alikuwa na mtu wake huko, akasema kwa Kipsigis kwamba warudi, hapa kuna kelele nyingi. Wakashuka. Nilibaki nimeshika nguzo ya lango kwa ule mkono usionyooka.

Njoroge alikuwa amekaa nyuma ya mlango wa jiko, ameshika kuni. "Umesema ndugu," aliniambia.

"Nilisema tu," nikamjibu. "Weka hiyo kuni. Utakula nini?"

Kule Kiptere, tulisikia baadaye, Kiprono alisimama mbele ya duka saa ileile, au karibu, na kikundi kingine kilichokuja na petroli. Waliomjua walimwambia atoke njiani. Alisema, "Huyu ni mama yangu," akakaa kwenye ngazi. Soko la Kiptere halikuungua siku hiyo. Watu wamelisifu hilo kanisani na barazani, wamesema Muungano ulikuwa na hekima, na kweli ulikuwa nayo. Mimi hufikiria kitu kingine. Tulisema maneno karibu sawa, ndugu yangu na mimi, siku moja. Mimi nilikuwa nadanganya.

Wakarudishana baada ya mwaka mpya, mchana, uwanjani pa kanisa, kila nyumba ikiibebea nyingine chakula. Mama Njoroge alileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Mama yangu alibeba vibuyu. Kiprono alitembea kuja kwangu, akanisalimia kwa mikono miwili kama mtu anavyosalimia mama mkwe, akasema, "Chela, shukrani kwa ile ya Njoroge." Ile ya Njoroge. Alirudi nyumbani, akala, akasifu chokaa. Alilala kitandani kwake. Asubuhi nilipoamka nilimsikia nje akimwomba mama ruhusa ya kurudi dukani kufanya kazi, na mama, huyo mama yangu mgumu, akisema, "Nenda, weri. Njoo Jumapili." Alikuja Jumapili nyingi, maisha yake yote, na kilo mbili za sukari na habari za bei ya unga. Baadaye alifungua duka lake, akaoa, akapata watoto wanaojua lugha tatu. Hajaonja pombe. Njoroge aliteleza mara moja akainuka, akawa dereva wa malori Nakuru, na kila alipopita alimletea mama viazi. Sina la kulalamika. Muulize mtu yeyote Kiptere, atakwambia Chelangat hana la kulalamika.

Sasa mazishi yalikuwa yamekwisha, kaburi limejaa, watu wamepanga foleni ya pilau. Nilimkuta nyuma ya hema kwenye tangi la maji, ameshika sahani asiyoila, macho yamevimba. Amezeeka, ndugu yangu. Nilikaa kwenye kreti la soda kando yake, na nikasikia kinywa changu kinauliza kile ambacho kilipaswa kuulizwa tukiwa na nywele nyeusi.

"Mwaka ule, Kiprono. Uliita mama, ukaita mchungaji, ukaita rafiki yako. Ukauliza mbwa. Mimi mbona hukuniita?"

Alinitazama. "Umekaa na hii swali mpaka leo?"

"Nimekaa nayo. Yule mama alikupa nini ambacho mimi sikukupa? Niambie, amekufa, hataona haya."

Akaigeuzageuza ile sahani mkononi.

"Alikuwa hanijui," alisema. "Akiniangalia, aliona kijana ameharibika, basi. Nyumbani, ukinipa chai, unanipa na huo mkono. Kila asubuhi. Na huna hasira. Chela, unakumbuka ulinipikia uji? Mkono umevunjika, unaniambia yameisha. Nilikunywa ule uji, halafu nikaenda kutafuta chang'aa, kwa sababu ningefanya nini kingine? Kama ungenipiga na mwiko pengine ningekaa."

"Kwa hivyo ningekupiga?"

"Sijasema hivyo."

"Ningefanya nini, basi?"

"Hakuna." Aliweka sahani juu ya tangi. "Wewe hukuwa na kosa lolote. Hiyo ndiyo ilinishinda."

Nilimsikia, na nilimwelewa, na haikunisaidia hata kidogo. Kumbe mtu anaweza kunyimwa ndugu kwa sababu ya uji. Nilitaka kumwambia kwamba ningempiga kwa mwiko, kwa sufuria, kwa chochote, kama angeniambia mapema. Niliona wivu, kisha nikaona aibu ya kumwonea wivu marehemu ambaye udongo wake bado ni mbichi, kisha wivu ukarudi ukakaa palepale. Mwenye kipaza sauti akaanza kuita watoto wote wa marehemu waje kwenye kaburi wapigwe picha ya mwisho. Kiprono akapangusa uso, akavuta koti, akaenda. Nilimwona anafika, anasimama kando ya Njoroge, anaambiwa asogee, anasogea. Halafu akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata kwenye kreti langu.

"Chela," akaita, mbele ya watu wote. "Kuja."

Nilimsikia vizuri sana. Nikakaa tu, makusudi, nikijifanya natafuta kiatu, ili aniite mara ya pili. Akaniita.